Mbwa na Paka katika Fiqhi: Najisi Si Ruhusa ya Dhulma

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa viumbe vyote, vinavyotembea kwa miguu miwili na vinavyotembea kwa minne. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), aliyeletwa kuwa rehema kwa walimwengu, pamoja na Aali zake na Masahaba wake.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu, kuna jambo linalotendeka mitaani kwetu kila siku hadi tumelizoea. Watoto wanatoka chuoni na juzuu zao mikononi, wanakutana na mbwa amelala kivulini, wanaokota mawe na kumpiga. Mtu mzima anapita na wala hawakatazi. Akiulizwa kwa nini hakuwakanya, hujibu kwa neno moja: "Mbwa ni najisi." Kwa neno hilo anadhani amekwisha kutoa hukumu ya kisheria, na kwamba hakuna tena la kuulizwa.

Katika makala haya tunakusudia kubainisha, kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, kwamba jibu hilo limechanganya milango ya fiqhi ambayo wanavyuoni waliitenga. Swali la kama mnyama ni najisi au si najisi lina mlango wake, nao ni mlango wa twahara. Swali la kama inajuzu kumfuga lina mlango mwingine. Na swali la haki alizonazo mnyama huyo juu yetu lina mlango wa tatu. Anayechukua hukumu ya mlango mmoja akaipeleka katika mlango mwingine huharamisha ambalo halikuharamishwa, au hujihalalishia dhulma. Tutawazungumzia zaidi mbwa na paka, kwani hao ndio wanaoishi nasi karibu zaidi, na ndio tunaoulizwa sana habari zao.

MLANGO WA KWANZA: TWAHARA

Asili ya mas'ala ya mbwa ni Hadithi ya Abu Hurayra (R.A.) iliyopokewa na Maimamu Bukhari na Muslim, ambayo ndani yake Mtume (S.A.W.) ameamrisha kwamba mbwa akinywa katika chombo cha mmoja wetu, kioshwe mara saba. Katika mapokezi ya Muslim imetajwa kuwa mara ya kwanza iwe kwa udongo. Na katika Hadithi ya Abdallah bin Mughaffal (R.A.) umetajwa udongo katika mara ya nane.

Maimamu wamekhitalifiana katika kuifahamu amri hiyo. Imamu Shafi (R.A.), ambaye madhehebu yake ndiyo inayofuatwa na watu wengi wa mwambao wetu tangu karne nyingi, ameona kuwa mbwa ni najisi mwili mzima, na najisi yake ni nzito (mughalladha). Kilichoguswa naye kwa unyevu huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo twahara. Imamu Ahmad (R.A.), katika kauli iliyo mashuhuri kwake, yuko karibu na kauli hiyo. Ama katika madhehebu ya Imamu Abu Hanifa (R.A.), kauli iliyosihi ni kuwa mate ya mbwa ni najisi lakini mwili wake na manyoya yake si najisi. Na Imamu Malik (R.A.) ameona kuwa mbwa aliye hai ni twahara kama walivyo wanyama wengine walio hai, na kwamba kuosha chombo mara saba ni ibada tu tuliyoamrishwa, wala sababu yake si najisi.

Miongoni mwa hoja za Wamaliki ni aya ya 4 ya Suratul Maida, ambayo imehalalisha kula kilichokamatwa na wanyama waliofunzwa kuwinda, na haikutaja kuosha mahali palipoumwa. Wamechukua pia maneno ya Abdallah bin Umar (R.A.), yaliyopokewa na Bukhari, kwamba zama za Mtume (S.A.W.) mbwa walikuwa wakiingia na kutoka msikitini, na watu hawakuwa wakinyunyiza maji kwa ajili ya hilo. Wanavyuoni wa Kishafi wamejibu kuwa kunyamaza kwa aya si dalili ya twahara, na mahali pa meno katika windo huoshwa kama panavyooshwa pengine. Kuhusu mbwa wa msikitini wamesema kuwa hayo yalikuwa mwanzoni, kabla ya msikiti kuwekewa milango.

Sisi hatukusudii kumtoa mtu katika madhehebu yake. Aliyesoma kwa mashekhe wa Kishafi na aoshe mara saba, na asiuone udhia huo kuwa mzito. Tunalokusudia ni kumtanabahisha msomaji kwamba Imamu Malik, ambaye ni mwalimu wa Imamu Shafi, ameona mbwa ni twahara, na hakuna Mwislamu aliyethubutu kusema kuwa Imamu huyo wa Madina alilegeza dini. Kwa hiyo haifai kumtukana Mwislamu wa Senegal au wa Morocco, anayefuata madhehebu ya Malik, kwa kuwa mbwa amemgusa na hakuosha mara saba.

Hata ndani ya madhehebu ya Shafi yapo mambo ambayo watu huyazidisha. Kwanza, mbwa mkavu akigusa nguo kavu, hakuna kinachooshwa, kwani najisi haihami baina ya vikavu viwili. Pili, kuguswa na mbwa hakubatilishi udhu. Aliyelambwa mguu akiwa njiani kwenda msikitini huosha mahali palipolambwa kwa namna ilivyoelezwa, na udhu wake uko pale pale. Tatu, akikojoa katika uwanja wa udongo, hakuna haja ya kuleta udongo mwingine, kwani wenyewe upo. Mambo matatu haya yangelijulikana vyema, hofu nyingi iliyomo vifuani mwa watu ingepungua.

MLANGO WA PILI: KUFUGA

Hapa pia dalili ziko wazi. Mtume (S.A.W.) ametueleza kuwa anayefuga mbwa asiyekuwa wa mifugo wala wa kuwinda hupungukiwa thawabu zake kila siku kwa kiasi cha kirati. Katika Hadithi ya Abu Hurayra ametajwa pia mbwa wa shamba, na katika baadhi ya mapokezi ya Ibn Umar vimetajwa virati viwili. Basi matatu haya, yaani mifugo, mawindo na mazao, yametolewa kwa nassi.

Je, mbwa wa kulinda nyumba au duka? Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277 Miladia), katika sherehe yake ya Sahihi Muslim ametaja kuwa wanavyuoni wa Kishafi wana kauli mbili juu ya hilo, na iliyo sahihi zaidi ni kuwa inajuzu, kwa kukisia juu ya yale matatu. Illa iliyofahamika katika Hadithi ni haja. Palipo na haja ya kweli ya ulinzi, pana ruhusa. Hivyo mwenye nyumba iliyo pembezoni mwa mji, aliyekwisha kuvunjiwa na wezi, hana dhambi akiweka mbwa uani. Na kijana wetu aliyeajiriwa na kampuni ya ulinzi, akapangiwa lindo pamoja na mbwa, hana dhambi kwa kazi hiyo. Atafute nguo maalumu ya kazi, na aoshe kilichoguswa na unyevu kabla ya kusali.

Ama kumweka mbwa sebuleni na kitandani kwa mapenzi tu na kuiga wengine, bila ya haja yoyote, hilo ndilo lililokusudiwa na Hadithi ya kirati. Na ipo Hadithi nyingine iliyo sahihi kwamba Malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Imamu Khattabi ameona kuwa Hadithi hii haimgusi mbwa aliyeruhusiwa kufugwa. Imamu Nawawi ameiacha katika ujumla wake. Mwenye kutaka kujitoa katika khitilafu na amjengee mbinda wa ulinzi banda lake nje, na nyumba ya ndani iwe ya watu na Qur'ani.

Lakini angalieni jambo moja. Kukatazwa kufuga mbwa bila ya haja ni hukumu inayomhusu anayefuga. Mwenye kupungukiwa thawabu ni mtu, na mbwa mwenyewe hana kosa lolote. Hakuna mwanavyuoni aliyesema kuwa, maadamu jirani amefuga mbwa asiyeruhusiwa, basi mbwa huyo apigwe mawe au anyimwe maji. Na hapo ndipo tunapoingia mlango wa tatu.

MLANGO WA TATU: HAKI

Kila aliyekaa mbele ya mwalimu katika mwambao huu, kuanzia Lamu hadi Kilwa na visiwani, anakijua kitabu Safinatun Najaa cha Sheikh Salim bin Sumayr al-Hadhrami, aliyefariki mwaka 1271 Hijria (1855 Miladia). Ni kitabu kidogo, nacho ni katika vya mwanzo ambavyo mwanafunzi huhifadhi. Tunawaomba wasomaji warejee katika faslu ya sababu za kutayamamu. Wataziona tatu: kukosa maji, maradhi, na kuwa maji yanahitajiwa kwa kiu ya mnyama mwenye heshima (muhtaram). Kisha mwandishi akawataja wasio na heshima hiyo. Miongoni mwao, katika wanyama, amewataja wawili tu: nguruwe, na mbwa anayeshambulia na kuuma (aqur).

Tuitafakari ibara hii ambayo tuliihifadhi tukiwa wadogo na pengine hatukuizingatia. Mwandishi hakusema "mbwa" akanyamaza. Amemfunga kwa sifa ya kushambulia. Wenye kuisherehesha Safina, akiwemo Sheikh Muhammad Nawawi wa Banten katika Kashifatus Sajaa, wameeleza kuwa mbwa ni mafungu matatu. Yuko anayeshambulia, huyo hana heshima. Yuko mwenye manufaa, kama wa ulinzi na wa mawindo, huyo ana heshima bila ya khitilafu. Na yuko asiye na manufaa wala madhara, yaani huyu anayezurura mitaani kwetu. Juu yake pana khitilafu, na kauli iliyotegemewa kwa Imamu Ramli ni kuwa naye ana heshima, na ni haramu kumuua.

Matokeo yake ni haya: umo safarini, wakati wa sala umeingia, una maji ya kutosha udhu tu, na hapo yupo mbwa asiye na madhara anayekaribia kufa kwa kiu. Hukumu ya madhehebu yetu ni kuwa maji hayo apewe mbwa, nawe utayamamu kwa mchanga. Mnyama yule yule ambaye mate yake tunayaosha mara saba, kiu yake imetangulizwa mbele ya udhu wetu. Wanavyuoni wa Kishafi, ambao ndio waliotia mkazo zaidi katika najisi ya mbwa, ndio hao hao waliyoyaandika haya. Hawakuona mgongano wowote, kwa sababu walijua kuwa najisi ni mlango mmoja na uhai ni mlango mwingine.

Msingi wa hayo uko katika Hadithi zinazojulikana. Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha mwanamke mzinifu katika Bani Israil aliyemwona mbwa akizunguka kisima, ulimi nje kwa kiu. Akavua kiatu chake, akamtekea maji, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe kwa tendo hilo. Wamepokea pia kisa kama hicho cha mtu aliyeshuka kisimani akapanda na maji katika khofu yake aliyoishika kwa meno. Masahaba walipouliza kama katika wanyama nako kuna ujira, Mtume (S.A.W.) akawajibu kuwa katika kila chenye ini bichi, yaani kila kilicho hai, mna ujira. Na kwa upande wa pili wamepokea kutoka kwa Ibn Umar (R.A.) kisa cha mwanamke aliyeingia Motoni kwa ajili ya paka aliyemfungia. Hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini, hata akafa.

Wanavyuoni hawakuyaacha mafunzo haya kuwa mawaidha tu. Waliyafanya sheria yenye kuhukumiwa. Imamu Nawawi katika Minhaj, mwisho wa kitabu cha nafaka, baada ya nafaka ya mke, ya jamaa na ya mtumwa, ameweka nafaka ya mnyama. Mwenye mnyama analazimika kumpa chakula na maji. Akikataa, Kadhi humlazimisha: kwa mnyama wa kuliwa, amuuze, amlishe au amchinje, kwa asiyeliwa, amuuze au amlishe. Akaongeza kuwa haijuzu kumkama mnyama maziwa kwa kiasi kinachomdhuru mtoto wake.

Naye Sheikh Izzuddin bin Abdis Salam, aliyefariki mwaka 660 Hijria (1262 Miladia), katika kitabu chake cha Qawaid amezihesabu haki za wanyama juu ya binadamu. Miongoni mwa alizozitaja ni kuwa mnyama alishwe hata akizeeka au akiugua kwa namna ambayo hana tena manufaa, asibebeshwe asiloliweza, asichanganywe na wanyama watakaomuumiza, na asichinjiwe mtoto wake mbele ya macho yake. Mwenye punda wa kubeba matofali katika vichochoro vya Lamu, au punda wa kuchotea maji bara, na aipime hali ya mnyama wake kwa mizani hiyo. Imepokewa na Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) alimwona punda aliyetiwa alama ya moto usoni, akamlaani aliyefanya hivyo. Na imepokewa na Abu Daud kuwa alimpita ngamia ambaye mgongo wake umeshikana na tumbo kwa njaa, akawaamrisha watu wamche Mwenyezi Mungu katika wanyama hawa wasioweza kusema.

PAKA: ANAYEZUNGUKA BAINA YETU

Hukumu ya paka ni nyepesi zaidi. Kabsha bint Kaab bin Malik, mke wa mtoto wa Abu Qatada (R.A.), alimtilia mkwewe maji ya udhu. Akaja paka, Abu Qatada akakiinamisha chombo hadi paka akanywa. Kabsha akastaajabu, naye akamweleza kuwa Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi, na kwamba yeye ni katika wanaotuzunguka majumbani. Wameipokea Malik, Abu Daud, Tirmidhi na wengineo, na Tirmidhi ameisahihisha. Wanavyuoni wameichukua illa iliyomo ndani yake wakaifanya msingi mkubwa: lile ambalo ni tabu kujiepusha nalo, sheria hulifanyia wepesi.

Pamoja na hayo, mkojo wa paka na choo chake ni najisi kama kawaida, na mdomo wake ukiwa na damu ya panya huwa umenajisika. Akitoweka muda ambao yamkini amekunywa maji mengi mahali, kisha akarudi akanywa katika chombo chako, kauli sahihi zaidi ni kuwa maji hayo hayanajisiki. Manyoya yake yanayopukutika, kwa Mashafi, asili yake ni najisi, lakini machache husamehewa, na anayeishi naye husamehewa zaidi. Haya yanatosha kumwondolea wasiwasi mwenye kuona unyoya mmoja katika mswala akairudia sala.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa na paka aitwaye Muezza, na kwamba alikata mkono wa kanzu yake ili asimwamshe. Wahadhiri wetu wajiepushe nacho, kwani hakipatikani katika vitabu vya Hadithi vinavyotegemewa. Hadithi sahihi tulizonazo zinatosha, na kumzulia Mtume (S.A.W.) hata katika jambo zuri ni kosa kubwa.

Kumpenda paka, basi, hakuna ubaya. Ubaya ni wa anayemchukua kitoto cha paka kwa ajili ya kuchezewa na watoto, kisha akikua akimchoka anakwenda kumtupa sokoni ndani ya gunia. Huyo amejitwika nafaka kisha akaikimbia.

WATU WA ZAMANI WALIVYOANDIKA

Mtu asidhani kuwa kushughulika na habari za wanyama ni mambo mapya yaliyoletwa na Wazungu. Al-Jahidh wa Basra, aliyefariki mwaka 255 Hijria, ameandika kitabu kikubwa cha wanyama, na sehemu yake kubwa ni mjadala baina ya mwenye kumtetea mbwa na mwenye kumtetea jogoo. Ibn al-Marzuban wa Baghdad, aliyefariki mwaka 309 Hijria, ameandika kitabu kizima juu ya ubora wa mbwa kuliko wengi wa wavaao nguo, akikusudia uaminifu wa mbwa na khiyana ya watu. Na Kamaluddin ad-Damiri wa Misri, aliyefariki mwaka 808 Hijria (1405 Miladia), alikuwa faqihi wa Kishafi. Aliisherehesha Minhaj ya Nawawi, na kalamu hiyo hiyo ikaandika Hayatul Hayawan, ambamo amewapanga wanyama kwa herufi na kutaja hukumu za kila mmoja. Watu hawa walijua hukumu za najisi vizuri kuliko sisi, na elimu hiyo haikuwazuia kuwatazama wanyama kwa jicho la insafu.

KICHAA CHA MBWA NA WAJIBU WA CHANJO

Sasa tuje katika jambo ambalo kwalo roho za watu zinapotea. Maradhi ya kichaa cha mbwa huambukizwa kwa mate ya mnyama mgonjwa, hasa kwa kuumwa. Dalili zake zikishamdhihirikia mtu, ni nadra mno kupona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa maradhi haya, wengi wao Afrika na Asia, na sehemu kubwa ni watoto. Takriban maambukizo yote kwa binadamu, hadi asilimia 99, hutokana na mbwa. Na wataalamu wamethibitisha kuwa mbwa wakichanjwa kwa wingi, si chini ya asilimia 70 ya walio mahali, mnyororo wa ugonjwa hukatika.

Mfano tunao hapa hapa kwetu. Kisiwani Pemba, ambako karibu watu wote ni Waislamu na wafugaji wa mbwa ni wachache, ugonjwa huu ulikuwapo na ukiua watu. Zikafanywa kampeni za kila mwaka za kuchanja mbwa kisiwa kizima, na kufikia Mei 2014 ukatoweka. Kisha uchanjaji ukalegea, na mwishoni mwa mwaka 2016 ugonjwa ukaingia tena kisiwani. Uchanjaji uliporejeshwa, mnamo Oktoba 2018 ukatoweka tena. Mwenye macho na azingatie: sindano iliyochomwa katika mwili wa mbwa imewahifadhi watoto wa Waislamu.

Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makubwa ya Sheria, na lisilotimia wajibu ila kwalo, nalo ni wajibu. Kwa hiyo mwenye mbwa wa ulinzi ambaye hamchanji, akamwacha atoke usiku, anabeba dhamana ya atakayemuuma. Na asiyefuga mbwa asiseme kuwa kampeni ya chanjo haimhusu. Paka naye huweza kupata maradhi haya, na hafai kusahauliwa. Daktari wa mifugo au kijana anayejitolea kuwashika mbwa wakati wa chanjo asikimbiwe kama mwenye janaba. Kugusa najisi kwa haja kunajuzu, ataosha kisha atasali, na tunamtarajia ujira wa aliyemnywesha mbwa kisimani na zaidi yake.

Ama mbwa aliyeshambulia, au aliyethibiti kuwa na kichaa, huyo ni katika wale ambao Mtume (S.A.W.) ameruhusu wauawe. Lakini hata hapo, Hadithi ya Shaddad bin Aws (R.A.) iliyo katika Muslim imeamrisha wema katika kila kitu, mpaka katika kuua. Kumchoma moto, kumfunga kamba na kumburura, au kumwaga sumu ovyo mitaani ikauwa mbwa, paka na kuku kwa pamoja, hakuafikiani na amri hiyo. Imepokewa na Muslim kutoka kwa Jabir (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) aliwahi kuamrisha mbwa wauawe Madina, kisha akakataza, akambakisha mweusi tii mwenye madoa mawili. Imamul Haramayn al-Juwayni ameeleza kuwa sheria imetulia juu ya kukataza kuuliwa asiye na madhara, hata huyo mweusi. Basi asiichukue mtu amri ya mwanzo akaiacha ya mwisho.

MASUALA YANAYOULIZWA SANA

Swali: Mtoto ameumwa na mbwa. Je, jeraha lioshwe kwa udongo?

Jibu: Hapana. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo. Asingojewe kuonekana dalili, wala asipelekwe kwanza kwa mganga. Udongo katika jeraha ni madhara, na Sheria imeondoa madhara. Kuosha mara saba kwa ajili ya twahara kunaweza kucheleweshwa, na udongo utatumika juu ya ngozi iliyo salama pindi litakapokosekana dhara. Aliye na jeraha lisiloweza kuguswa ana hukumu zake zinazojulikana katika mlango wa tayamamu.

Swali: Sabuni inatosha badala ya udongo katika kuosha chombo?

Jibu: Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi ni kuwa udongo ni sharti. Iko kauli nyingine ndani ya madhehebu kuwa kisafishio kingine hutosha. Mwenye udongo autumie, nao haukosekani.

Swali: Je, inafaa kumpa mbwa wa mtaani mabaki ya chakula?

Jibu: Inafaa na ina ujira kwa Hadithi ya kila chenye ini bichi. Awekewe mahali pasipoudhi majirani, na katika chombo chake mwenyewe.

Swali: Mbwa ameingia msikitini. Tufanye nini?

Jibu: Atolewe kwa upole, bila ya kupigwa. Palipo na unyevu wake paoshwe. Palipo pakavu hapana cha kuosha. Msikiti ni mahali pa heshima, na kelele na fimbo huivunja heshima hiyo zaidi.

NASAHA KWA MAIMAMU NA WALIMU WA VYUO

Ndugu zetu maimamu na walimu, mtoto hujifunza mlango wa najisi akiwa na umri wa miaka saba au minane. Anapofundishwa kuwa mbwa ni najisi na asifundishwe siku hiyo hiyo kisa cha aliyemnywesha mbwa, nusu ya elimu imemfikia na nusu imemkosa, na hiyo nusu iliyomfikia ataitafsiri kwa jiwe. Safina iko mikononi mwetu. Tunapofika katika faslu ya kutayamamu tusiipite mbio mbio. Tumsimamishe mwanafunzi hapo, tumuulize: mwandishi amesema mbwa gani? Akijibu kuwa ni anayeshambulia, tumuulize tena: na huyu aliyelala nje ya mlango wa chuo, ni wa fungu lipi?

Na watakapokuja maofisa wa mifugo na chanjo katika mtaa, imamu asione tabu kulitangaza hilo baada ya sala ya Ijumaa, na kuwahimiza watu wawatoe mbwa na paka wao. Tangazo la dakika mbili huenda likawa sababu ya kumwokoa mtoto asiyejulikana jina lake, na Mwenyezi Mungu ndiye anayemjua.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atufahamishe dini yetu, atujaalie miongoni mwa wenye kuwahurumia walio ardhini, na atuepushe na kuifanya elimu kuwa kisingizio cha dhulma. Amin.

Wallahu aalam.